Mbwa wa Watu, Nyumba za Watu

Asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama sebuleni, taulo kiunoni na mswaki mdomoni, nikasikia kona ya dari ikinisemesha.

"Mbona mbwa hajala?"

Ilikuwa kamera, ile ndogo nyeupe iliyobanwa juu ya kabati la vyombo. Sauti ilikuwa ya mtoto wa wenye nyumba, mwanamume wa makamo anayeishi Marekani na ambaye saa hizo, nijuavyo mimi, alipaswa kuwa kitandani. Nilitoa mswaki nikameza povu bila kutaka.

"Atakula," nikasema. "Ndiyo kwanza saa moja."

"Jana alikula saa kumi na mbili na nusu."

"Jana alikuwa na njaa."

Kisha ikasema kwa upole, "Na tafadhali uwe unavaa shati ukiwa sebuleni. Watoto huku wakati mwingine wanaangalia."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilirudi bafuni nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nikajiuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa karibu mwaka mzima: hii kazi naendelea nayo au naiacha?

Kazi yenyewe nimeieleza mara nyingi sana na bado ndugu zangu hawaielewi. Watu wanaposafiri, mimi nahamia kwao. Nalala chumba cha wageni, nafungua madirisha hewa ipite, namwagilia maua, nalisha mbwa, paka, kuku, au chochote walichoacha kinachopumua. Wakirudi nawakabidhi funguo, naenda nyumba nyingine. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miaka minne, leo Homa Bay, mwezi ujao Migori, mara moja Mbita kwa mama mmoja aliyekuwa na bata kumi na saba wenye hasira. Chumba changu cha kupanga nilikiacha mwaka wa kwanza, maana kilikuwa kinakaa na kufuli tu. Mali yangu yote ilikuwa mabegi mawili na pasi.

Ilianza kwa bahati. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi Homa Bay, na mteja wetu mmoja, daktari wa watu, alikuwa anaenda kozi ya wiki mbili. Akaniambia hana mtu wa kumwachia paka wake wawili. Kwetu paka hujitunza mwenyewe, hata jina hana. Hawa walikuwa na majina, vitanda, na karatasi tatu za maelekezo. Hawali omena, dagaa wa kwetu. Wanakula samaki wa kuchemshwa asiye na mwiba, aliyepoa, na ukiwapa yuleyule siku mbili mfululizo wanageuza uso.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naenda kwa akina mama wa samaki kuchagua ngege mzuri. Mama mmoja aliyekuwa akiniuzia akaniuliza siku ya tatu, "Baba, naona unakula vizuri. Umeoa tena?"

"Ni wa paka," nikasema.

Akaacha kupara. Akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Njoo usikie huyu."

Kuanzia siku hiyo walinitafutia samaki wadogo na kuniita Baba Paka, na jina hilo linanifuata Homa Bay mpaka leo.

Safari ya pili ya daktari, yule paka dume akatoroka. Nilimtafuta siku tatu, nikipita kwenye vichochoro nikiita jina la kizungu kwa sauti ya juu mpaka watu wakaanza kunionea huruma. Siku ya nne nilimkuta kwenye kinu cha kusaga mahindi, amelala juu ya gunia, mweupe kwa unga mpaka kwenye masharubu, mnene kuliko alivyotoka. Mwenye kinu, mama wa mikono mikubwa, alikataa katakata.

"Huyu ni mfanyakazi wangu. Tangu aje, sijaona panya."

"Ni wa daktari, mama."

"Mwambie daktari kwake alikuwa mgonjwa tu. Hapa ana kazi."

Nilimbeba paka akinikwaruza mpaka kifuani. Daktari aliporudi alimpapasa akashangaa jinsi manyoya yake yalivyong'aa. "Ulikuwa unampa nini?" akaniuliza. Nikamwambia mazoezi.

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba siku za mwanzo niliipenda kazi. Ilikuwa na vichekesho vyake. Nilikuwa nalala kwenye magodoro mazuri na kuoga maji ya moto. Daktari akamwambia rafiki yake habari zangu, rafiki akawaambia wengine, na mwaka mmoja baadaye nikaaga duka la vifaa. Kilichonichosha kilikuja polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani.

Kwanza, hakuna aliyeamini kwamba mimi si askari. Ukifungua geti ukiwa mwanamume mtu mzima mwenye fulana, mgeni anakwambia, "Niitie mwenye nyumba." Ukimwambia amesafiri, anakwambia, "Basi niitie mkubwa wako." Mchungaji mmoja aliniombea nipate kazi. Jamaa wa mwenye nyumba wanafika bila taarifa, wanakalia viti, wanasubiri chai, na ukiwaambia hujaruhusiwa kufungua stoo wanampigia mwenye nyumba simu kumwambia umekuwa na kiburi.

Pili, mama yangu. Mama anaishi Ndhiwa, katika boma la marehemu baba, na kila Jumapili jioni alikuwa ananipigia simu na swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Wiki hii unalala kwa nani?" Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeuliza kidonda kimefikia wapi.

Zamani nilikuwa na nyumba yangu bomani. Sisi Wajaluo kijana hujengewa simba, na kwa Kijaluo hilo si jina la mnyama, ni nyumba ndogo ya mtoto wa kiume ndani ya boma la baba yake. Yangu ilikuwa ya udongo, upande wa kushoto ukiingia langoni. Mvua za mwaka mmoja ziliiangusha ukuta baada ya ukuta, na mke wangu alikuwa ameshaondoka zamani, kwa sababu ambazo leo naziona zilikuwa za haki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuipigania. Nilitaka kuijenga upya. Lakini kaka yangu mkubwa alikuwa amebomoa ya kwake kabla yangu, akisema atainua ya matofali, kisha akarudi Nairobi. Mdogo haezeki kabla ya mkubwa. Mama hakutaka hata kulisikia jambo hilo. "Huwezi kumruka ndugu yako," alisema. "Utaleta mikosi, kisha mtasema ni mimi sikuwafundisha." Kila mwaka kaka alisema atakuja Desemba. Desemba ilikuja yenyewe.

Kwa hiyo nikawa mtu wa nyumba kumi na moja, na yangu hakuna hata moja.

Sasa turudi Migori, mtaa wa Oruba, kwenye ile nyumba ya kamera. Wenye nyumba walikuwa mzee mmoja aliyestaafu uhandisi wa barabara na mke wake aliyekuwa muuguzi. Walikuwa wamekwenda Marekani kumwona mjukuu aliyezaliwa, wiki sita tu. Mimi nilikubali wiki sita. Zikawa miezi mitatu kwa sababu ya baridi, kisha zikawa mitano kwa sababu ambazo hakuna aliyenieleza. Mtoto wao ndiye aliyekuwa akizungumza nami, kwa kupitia ukuta.

Mbwa alikuwa wa aina ile kubwa ya polisi, mgongo mweusi, miaka kumi, miguu ya nyuma imeanza kulegea. Maelekezo yalisema nimtembeze mara mbili kwa siku kwa kamba na niongee naye Kiingereza. Mji wa Migori ulikuwa haujazoea jambo hilo. Akina mama walikuwa wanavuka barabara. Waendesha boda boda kwenye kituo chao walikuwa wakituona wanapiga kelele, "Mheshimiwa amefika! Na bodigadi wake!" na sikuwahi kujua yupi kati yetu alikuwa mheshimiwa.

Kiingereza hakikumfaa kitu. Nilimwambia akae kwa Kiingereza wiki nzima, akawa ananitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekuja bila kitambulisho. Siku moja nikachoka nikasema kwa Kijaluo, "Bed piny," kaa chini, kama ninavyomwambia mtu. Akakaa papo hapo. Akaweka kichwa juu ya kiatu changu. Nikaelewa kwamba mzee alikuwa akizungumza naye hivyo miaka yote, na mwanawe hakujua.

Asubuhi ile ya taulo ilikuwa Jumanne. Nilipotoka bafuni nimevaa shati, kamera ilikuwa bado inanisubiri.

"Tumekaa kama familia," ikasema. "Tunaona wazazi wakae huku mwaka mwingine. Tunataka wewe uendelee, mwaka mzima, hapohapo. Tupe jibu kufikia Jumapili."

Mwaka mzima. Nilisema nitafikiria. Nilitazama bakuli la mbwa, bado limejaa, na mbwa mwenyewe amelala mlangoni na pua kavu.

Kufikia jioni alikuwa anatetemeka. Jumatano nilimpata daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye mabuti ya mpira, aliyekuwa ametoka Kehancha kudunga ng'ombe na bado ananuka zizi. Alimfungua mbwa mdomo, akatazama fizi zilivyopauka, akapitisha vidole nyuma ya masikio akatoa kupe wawili, akanionyesha kama fundi anayekuonyesha msumari uliotoboa tairi.

"Homa ya kupe," akasema. "Amezeeka, lakini tumewahi. Sindano sasa, halafu vidonge asubuhi na jioni, bila kuruka hata mara moja."

"Ni nani huyo?" kona ya dari ikauliza.

Daktari aliruka. Aligeuka nyuma, akatazama juu ya kabati, akatazama chini ya meza.

"Ni mwenyewe," nikasema. "Yuko Marekani."

"Muulize amepima damu," kamera ikasema. "Muulize hiyo sindano ni ya nini. Sitaki adungwe kabla sijaongea na daktari wa huku."

Daktari wa mifugo alisimama na sindano mkononi, akaongea na kabati la vyombo kwa heshima kubwa. "Mheshimiwa, mimi nimetibu wanyama miaka ishirini. Ukimwambia daktari wa huko habari za kupe wetu, atafungua kitabu. Kabla hajafika ukurasa wenyewe, mbwa atakuwa amekwisha."

"Nasema subiri."

Mbwa alikuwa amelala kwa ubavu, akihema kwa kifua cha juu. Nilivua shati, lile nililokuwa nimeambiwa nivae, nikapanda kwenye kiti, nikaifunika kamera nalo na kulifunga kwa mikono yake. Sauti iliendelea kutoka ndani ya kitambaa, lakini sasa ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya gunia.

"Dunga," nikamwambia daktari.

Akadunga. Kisha akaandika dawa, na alipokuwa akiosha mikono kwenye mfereji wa nje akaniuliza, "Wewe ni ndugu yao?"

"Hapana. Nakaa tu."

"Unakaa tu," akarudia, akitikisa kichwa, akapiga pikipiki yake teke ikawaka.

Ilibaki jambo moja. Wiki iliyotangulia baba yetu mdogo alikuwa amefariki, na sisi ni Wasabato, kwa hiyo mazishi yalipangwa Ijumaa ili Sabato isituguse. Nilikuwa nimekwisha panga na kijana wa jirani aje akae na mbwa siku hiyo moja. Aliposikia habari ya kumfungua mdomo mbwa huyu na kumtia kidonge, akakumbuka kwamba naye ana safari. Mfanyakazi wa nyumba ya nyuma alicheka tu. Daktari wa mifugo alikuwa anarudi Kehancha.

Nilimpigia mama simu Alhamisi.

"Mama, sijui kama nitaweza kesho. Mbwa ni mgonjwa."

"Mbwa wa nani?" akauliza.

"Wa watu."

"Mwanangu," akasema taratibu, "baba yako mdogo ndiye aliyekulipia karo ya darasa la nane. Kesho anaingia ardhini. Wewe utamwambia nini? Kwamba ulikuwa unalinda mbwa wa watu?"

Ijumaa asubuhi nilikodi gari, nikatandika gunia kwenye kiti cha nyuma, nikamwinua mbwa kilo zake zote, nikampeleka mazishini.

Dereva alidai kwanza afungwe mdomo. Tulimfunga kwa tai yangu, tai pekee niliyokuwa nayo, ndiyo maana nilifika mazishini shingo wazi. Njia nzima mpaka Ndhiwa alikuwa ameegemeza kichwa begani kwangu akihema, na dereva akihema mbele kwa hofu, na mimi katikati nikiwachukia wote wawili na kumchukia kila mtu mwenye nyumba.

Nilimfunga nyuma ya jiko la mama, kivulini, na maji karibu. Nilidhani hakuna atakayeona. Kabla ya wimbo wa pili boma zima lilikuwa linajua. Watoto waliacha hema wakamzunguka kwa mbali. Shangazi yangu mkubwa, dada wa marehemu, ambaye alikuwa amelia tangu alfajiri, alifuta macho akaja kumtazama mwenyewe.

"Huyu ndiye unayekaa naye?"

"Ndiye, shangazi."

"Ana nyumba?"

"Ana nyumba. Kubwa. Ina vyumba vitano."

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Basi yeye anakukaribisha wewe," akasema, akarudi kulia.

Simu yangu ililia tukiwa tumezunguka kaburi. Nilisogea pembeni nikaipokea ili inyamaze.

"Naona nyumba haina mtu," akasema mtoto wa mzee. Alikuwa ameona kwenye kamera ya geti, ile ambayo sikuifunika. "Mbwa yuko wapi?"

"Mazishini," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa mazishi ya baba yangu mdogo. Amekunywa dawa, anaendelea vizuri. Nitakupigia." Nikazima simu, nikarudi kutupa udongo wangu.

Baada ya chakula kaka yangu alinifuata nyuma ya jiko. Alikuwa amevaa suti niliyoifahamu kutoka mazishi ya baba, ila sasa ilimpwaya. Alichuchumaa mbele ya mbwa, mbwa akamnusa mkono na kuuacha.

"Omera," akaniambia, neno letu la kumwita ndugu au rafiki, "watu wanakucheka."

Nilikuwa nimechoka sana, na uchovu ukanipa ulimi. "Wananicheka mimi? Wewe ndiye umenifanya nilale na mbwa. Miaka mitano umelala juu ya kiwanja chako. Kama hutaki kujenga, sema. Sema mbele ya mama, nijue moja. Mimi nimezeeka kwenye vyumba vya wageni nikikusubiri!"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliendelea kumkuna mbwa katikati ya macho, kisha akasema bila kunitazama, "Kazi iliisha mwaka juzi. Sijamwambia mama. Hata mke wangu nilimwambia mwaka huu. Nitajenga na nini?"

Nilichuchumaa naye. Muda wote ule nilikuwa nikimwona akilini akiwa Nairobi kwenye kiti cha kuzunguka, akitusahau kwa raha. Kumbe naye alikuwa akiishi kwa shemeji yake, chumba cha nyuma, akiamka mapema ili aonekane anakwenda kazini. Tulikaa pale tukiwa wanaume wawili wazima, hakuna mwenye kwake, na mbwa wa watu katikati.

"Si lazima iwe ya matofali. Hata kibanda kinatimiza mila," nikasema mwishowe.

"Watasema nini?"

"Watasema umenitangulia, na mimi nitaezeka baada yako. Basi. Vigingi, mabati ya zamani ya baba yapo stoo. Siku moja inatosha. Mimi nitachimba mashimo."

Alifikiri. "Na mama?"

"Mwambie mama ukweli. Anaumia zaidi kwa kutojua."

Alikwenda kwa mama jioni hiyo. Sikuwepo, kwa sababu kidonge cha jioni kilikuwa Migori, nimekisahau mezani, na ilibidi nirudi mbio na mbwa wangu aliyefungwa tai. Nasikia mama alilia kidogo, kisha akampa kaka chai na viazi, kisha akamgombeza kwa kukonda.

Sabato niliitumia kulala na kumlisha mbwa uji wa nyama kwa kijiko. Alikula. Jumapili mchana simu ikalia, namba ya Marekani, nikajiandaa kwa maneno. Lakini alikuwa mzee mwenyewe. Miezi mitano yote sikuwahi kusikia sauti yake zaidi ya salamu.

"Kijana wangu," akasema, "nasikia mbwa wangu amehudhuria mazishi."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe. Sikuwa na jinsi."

"Alilia?"

"Hapana, mzee. Alilala tu."

"Huwa anaheshimu watu." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Sasa niambie. Huo mwaka mmoja wanaokuomba, utakubali?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la mzunguko, lenye shukrani mwanzo na mwisho. Lilipotea. "Hapana, mzee," nikasema. "Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi ujao, niwape nafasi ya kutafuta mtu. Baada ya hapo naenda kujenga. Nimechoka."

"Rudia," akasema. "Rudia kwa sauti. Nimeweka kwenye spika, mwanangu yuko hapa kando."

Nikarudia. Nilisikia minong'ono, sauti ya mwanawe ikipanda, sauti ya mke wa mzee ikisema jambo fupi lililomaliza mambo. Kisha mzee akarudi kwangu.

"Unajua kila nikisema nataka kurudi kwangu, wananiambia nini? Kwamba nyumba ina mtu, mbwa ana mtu, haraka ya nini. Wewe ndiye umekuwa kufuli yangu, kijana. Miezi mitano nalala chumba cha wageni. Nikitaka chai naomba ruhusa ya jiko. Ukienda kujenga, basi lazima mimi nirudi. Asante sana."

Sikujua kama nimesifiwa au nimelaumiwa. Nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu anayeteseka peke yake, kumbe kwa kufanya kazi yangu vizuri nilikuwa nimewafungia wazee wawili nje ya nyumba yao. Hasira niliyokuwa nayo juu ya mtoto wao ilipungua pia, si yote. Alitaka wazazi wake karibu, na akataka nyumba yao isife. Ila hakuwahi kuwauliza, wala mimi sikuwahi.

Walifika wiki tano baadaye, mama wa nyumba akiwa na koti zito katika jua la Migori na mzee akitembea kwa fimbo ambayo hakuondoka nayo. Mbwa alisikia gari getini akainuka. Nilikuwa nimezoea kumsaidia miguu ya nyuma, nikainama, lakini hakunisubiri. Alikwenda mwenyewe, akiyumba, akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mzee akaacha fimbo ianguke akapiga magoti kwenye kokoto, suruali ya safari na yote.

Mama wa nyumba alinipokonya funguo kabla sijamkabidhi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, nikamsikia akifungua makabati moja baada ya jingine na kuyafunga. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia sufuria zake nimezitunza, ila moja nimeunguza kitako. Nilikubali kosa. Nikachukua mabegi yangu na pasi yangu.

Kaka aliinua kibanda chake siku ya Jumapili, vigingi tisa na mabati yenye matundu ya misumari ya zamani, upande wa kulia wa lango kama inavyotakiwa. Alilala humo siku mbili, akalalamika kuhusu mbu, akarudi Nairobi kutafuta kibarua akiwa na baraka za mama na kuku mzima kwenye mfuko. Jumatatu iliyofuata nikaanza kuchimba msingi wangu, na hapo nikagundua kwamba karaha za kujenga kwako zinashinda za kukaa kwa watu. Fundi alikuja siku anayotaka. Mchanga uliletwa nusu yake ikiwa majani ya ziwani. Mlango niliouagiza ulikuja umepinda, na seremala akaniambia ni ukuta ndio umepinda. Mbuzi wa mama walikula ramani, ambayo ilikuwa karatasi moja tu, lakini nilikuwa nimeichora vizuri.

Nyumba ni chumba kimoja na kibaraza. Hakuna maji ya moto. Mvua ikinyesha na upepo wa kutoka ziwani, dirisha la kaskazini linaingiza maji. Sikuiacha kazi kabisa, maana siwezi kula mabati, na mwenye duka la vifaa alikuwa ameshampata karani mwingine. Nachukua safari chache kwa mwaka, zenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kamera zikiwemo nasema hapana mapema.

Daktari mwenye wale paka alipiga simu mwezi wa Novemba. Ana mkutano, akasema, wiki mbili tu, na paka wananikumbuka. Nilimwambia nitakuja, na kwamba siku ya kumi na tano nitakuwa njiani kurudi nyumbani hata kama ndege yake imechelewa.

"Nyumbani ni wapi siku hizi?" akauliza. "Nikuletee kitu nikipita huko."

Nikaanza kumwelekeza, kuanzia stendi ya Ndhiwa, ushuke kwa bonde lenye daraja la miti, uache kanisa mkono wa kulia, upite shule, mpaka lango lenye ua wa minyaa. Akaniambia niseme polepole, anaandika. Nikarudia tangu mwanzo.